Kisa cha mchoraji wa wanyama aliyesema "chukueni bure, tumieni mnavyotaka"

Kabla ya yote

Kisa hiki ni cha mtu ninayemfahamu, na mambo mengi nilikuwepo yakitokea kwa sababu nilikuwa namsaidia kujibu meseji na kupanga mafaili yake. Ameruhusu niandike. Jina nimelitoa, vitu vidogo vidogo nimebadilisha ili asijulikane, na wengine wote waliohusika nimewaacha bila majina. Yeye tutamwita M. Naandika kwa sababu nakutana sana na watu wanaofanya kama M. alivyokuwa anafanya, wanachora au wanapiga picha wanyama, wanachekesha watu, wanatoa bure kwa moyo mweupe kabisa, ila hawajawahi kukaa chini wakajiuliza hiyo bure ni bure ya namna gani.

Usuli

M. anachora, ila kazi yake ya mchana haihusiani na sanaa hata kidogo. Nyumbani ana paka wawili na mbwa mzee mwenye jicho moja aliyemchukua kwenye makazi ya wanyama waliotelekezwa, na hao watatu ndo walikuwa mastaa wake wa kwanza. Mchoro wake wa kawaida ni picha moja tu, wino mweusi na rangi mbili tatu, chini yake kapsheni ya mstari mmoja. Kuna ule ambao watu wengi walianza kumjulia hapo: paka wa milia kakaa juu ya kibodi ya kompyuta, mkia umelala kwenye vitufe, anamtazama mwenye nyumba, chini imeandikwa "Bosi wako nimeshamjibu. Tulia." Ukiuangalia kwa karibu utaona kichekesho chote kiko kwenye masikio, moja limeelekea kwa mwenye nyumba kama kwamba anasikilizwa, lingine limegeukia nyuma linasikiliza jikoni kama kuna kopo linafunguliwa. Mtu asiyeishi na paka hawezi kuchora sikio lile, na mimi naamini hiyo ndo sababu watu walimpenda, yani walihisi huyu anawajua hawa viumbe kweli na anawapenda kabla hajawacheka.

Kwa nini bure? M. alishaugua akalala kitandani muda mrefu, na anasema kitu kilichokuwa kinamchekesha kipindi kile ni picha za wanyama zilizowekwa mtandaoni na watu asiowajua ambao hawakumdai hata senti. Alipopona akasema na yeye atalipa deni hilo kwa namna hiyohiyo. Kwa hiyo kwenye profaili yake akaandika: "Chukueni bure, tumieni mnavyotaka, msisahau kucheka." Na alimaanisha. Akafungua folda ya mtandaoni ambayo yeyote anaingia anapakua, akaweka humo michoro yote kwa ukubwa kamili wa kuchapishwa, karatasi ya A4 kwa nukta 300 kwa inchi, yani pikseli 2480 kwa 3508. Humohumo akaweka na picha halisi alizokuwa anapiga kwa simu kabla ya kuchora, ili wanaojifunza waone mchoro umetokea wapi. Kumbuka folda hii, maana shida mbili kati ya tatu zilianzia hapo.

Mambo yalivyoenda

Mwanzoni yalikuwa mazuri tu, na siyo kwa muda mfupi. Walimu walichapisha michoro wakabandika madarasani. Nesi wa wodi ya watoto aliandika kwamba watoto wanagombania ule wa mbwa mzee anayekataa kuamka. Makazi kadhaa ya wanyama yalichukua michoro yakatengenezea matangazo ya kutafutia paka na mbwa nyumba, na mtu mmoja akatuma picha ya paka mweusi aliyechukuliwa baada ya kukaa pale muda mrefu bila kutazamwa na mtu. M. alilia siku hiyo. Nalitaja hili mapema kwa sababu baadaye tulipofika kwenye maamuzi, haya ndo mambo aliyokuwa anayalinda.

Kisha jina lake likaanza kupotea. Alikuwa anasaini kwenye kona ya chini kulia, herufi ndogo, kwa hiyo mtu akikata picha kidogo tu saini imeenda. Ukurasa mmoja mkubwa wa vichekesho ukawa unaweka michoro yake iliyokatwa hivyo, wafuasi wao wanacheka kwa maelfu na hakuna anayejua kachora nani. Halafu akatokea jamaa aliyekuwa anabadilisha kapsheni, na alikuwa mcheshi kweli, M. mwenyewe alicheka, ila jamaa huyo huyo akaanza kuwakaripia watu wanaochukua "memu zake". Yani anawazuia watu wasishee mchoro aliopewa bure.

Baada ya hapo ndo zikaja fulana. Mfuasi mmoja alituma skrinishoti ya duka la mtandaoni linalouza fulana na makava ya simu yenye yule paka wa kibodi, na picha ilikuwa safi kabisa mpaka ncha za ndevu zinaonekana, kwa sababu faili la kuchapisha lilikuwa pale pale kwenye folda. M. akamwandikia muuzaji kwa heshima. Jibu likarudi haraka: "Dada yangu, mbona mwenyewe umeandika tumieni mnavyotaka? Mimi nimetaka kuuza." M. alinipigia simu, hakuwa na hasira, alikuwa amechanganyikiwa tu. Akaniuliza, "Sasa huyu si yuko sahihi?"

Tukiwa bado tunatafakari hilo likaja la loris. M. alikuwa anapokea klipu kutoka kwa wafuasi na kuzichora. Mmoja akatuma klipu ya loris, yule mnyama mdogo wa usiku wa misitu ya Asia, ndugu wa mbali wa komba, macho makubwa, mwendo wa polepole. Kwenye klipu anakunwa ubavuni na mtu, anainua mikono yote miwili juu na kuiacha huko, unaona kama anaomba aendelee kukunwa. M. akamchora na mikono juu, kapsheni "Kwapa la kushoto bado." Ulisambaa kuliko mchoro wowote aliowahi kuweka, na komenti zikajaa "namtaka mmoja", "wanauzwa wapi".

Siku ya pili dokta wa wanyama anayemfuata akamwandikia inboksi: "Dada, samahani kwa kukuingilia, kazi zako nazipenda sana, ila huyu hakuwa anafurahia." Akaeleza kwamba loris ana tezi upande wa ndani wa mkono, karibu na kiwiko. Akitishwa anainua mikono juu ya kichwa ili mdomo uifikie ile tezi, majimaji yake yanachanganyika na mate na kuwa sumu, na hapo yuko tayari kuuma. Ni mnyama wa usiku, na hapo amewekwa kwenye mwanga mkali unaomtesa macho. Wengi wanaouzwa kama wanyama wa nyumbani wamekatwa meno bila ganzi ili wasiume, na wengine wanakufa kwa maambukizi ya mdomoni. Biashara yake ya kimataifa ilishapigwa marufuku, loris wote waliingizwa mwaka 2007 kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini kutoweka. M. alisoma ile meseji akazima simu jioni nzima.

La tatu lilikuwa dogo kwa sura ila ndo lililonikera mimi zaidi. Kwenye ile folda kulikuwa na picha halisi za kundi la paka wa mtaani aliokuwa anawalisha na kuwapeleka kuhasiwa. Picha ya simu ikitoka kwenye simu kama ilivyo, mara nyingi ndani yake kuna taarifa zilizojificha, saa, aina ya kamera, na kama huduma ya mahali ilikuwa imewashwa, basi na eneo halisi ilipopigwa. Mitandao mingi ya kijamii inafuta taarifa hizo ukiposti, lakini faili ukiliweka kwenye folda ya kupakua linabaki na kila kitu. Mtu akasoma eneo, akaenda, na haikupita muda wakaanza kukutwa watoto wa paka wametupwa pale kwenye maboksi, kwa sababu imejulikana kuna mtu anawalisha.

Maamuzi, na kwa nini

La paka wa mtaani halikuhitaji mjadala. Picha zote halisi zikaondolewa siku hiyohiyo, na zilizorudishwa baadaye zilifutwa kwanza taarifa za ndani na hazikuonyesha kitu cha kutambulisha sehemu. Huduma ya mahali kwenye kamera ya simu ikazimwa moja kwa moja.

La loris lilikuwa na njia tatu. Aufute kimya kimya, auache na kuandika sahihisho chini yake, au aufute halafu achore mwingine unaosema ukweli. Wengi tuliokuwa karibu naye tulielekea kwenye sahihisho, kwa sababu kufuta kunaonekana kama kuficha. Dokta akapinga kwa hoja ambayo hakuna aliyeweza kuijibu: picha ikishashewa inasafiri peke yake, sahihisho linabaki nyuma. Na kweli ukitazama historia ya picha za wanyama utaona hivyo. Albrecht Dürer, mchoraji wa Ujerumani, alichora kifaru mwaka 1515 bila kumwona, kwa kutegemea maelezo na mchoro wa mtu mwingine, akamvika mabamba kama ya chuma na kumwongezea kijipembe mgongoni, na kwa muda wa zaidi ya karne mbili watu wa Ulaya walikuwa wanaendelea kunakili kifaru huyohuyo hadi kwenye vitabu vya elimu. Mchoro mzuri wenye kosa una nguvu hiyo. M. akafuta. Mchoro mpya ukawa loris yuleyule, mikono yake ileile juu, ila macho yanamwangalia mkunaji, kapsheni "Sijacheka. Nachukua silaha." Chini yake akaandika kwa nini ule wa kwanza ameutoa na akamshukuru dokta bila kumtaja jina.

Hapo akajiwekea sheria moja ya klipu zote zinazoingia: je, mnyama huyu angetaka kuondoka, angeweza? Kama ameshikwa, amefungwa, amevalishwa kitu na amesimama kama mti, au mtu amemziba njia, haichorwi kama kichekesho. Ni swali rahisi ila lina makali. Linaondoa zile klipu za kumtisha paka kwa tango lililowekwa nyuma yake akiwa anakula, zilizosambaa sana mwaka 2015, maana pale kinachochekwa ni woga wenyewe. Linaondoa sokwe anayeonyesha meno yote huku taya zimebana, watu wanasema anatabasamu wakati kwa sokwe hiyo mara nyingi ni sura ya hofu. Kwa mbwa aliongeza mambo ambayo dokta alimfundisha ayatazame: weupe wa jicho unaojitokeza pembeni, kulamba pua mara kwa mara, kupiga miayo wakati hana usingizi. Mbwa anayekumbatiwa na mtoto huku anafanya hayo matatu, hiyo siyo picha ya upendo, ni mbwa anayeomba nafasi.

Sasa la fulana, ambalo lilichukua muda mrefu kuliko yote. Kitu cha kwanza ilikuwa kumtoa M. kwenye wazo kwamba kwa kuwa hajasajili popote basi hana haki. Tangu Mkataba wa Berne wa 1886, ule wa kimataifa wa hakimiliki, na marekebisho yake, kwenye nchi zilizousaini hakimiliki inazaliwa na mchoro wenyewe, ukishauchora ni wako, husubiri cheti. Shida ya M. haikuwa kukosa haki, ilikuwa sentensi yake mwenyewe. "Tumieni mnavyotaka" ni ruhusa, haina mpaka, na mtu aliyeisoma akaiamini siwezi kumwita mwizi moja kwa moja.

Tukaangalia leseni za Creative Commons, ambazo zilitoka mara ya kwanza mwaka 2002 kwa ajili ya watu kama yeye hasa, wanaotaka kutoa ila kwa masharti yanayosomeka. Toleo la 4.0 la mwaka 2013 limeandikwa litumike nchi yoyote. Unachagua masharti: kutajwa jina, kutouza, kutobadilisha, au anayebadilisha ashee kwa masharti yaleyale. M. alivutiwa kwanza na sharti la kutobadilisha kwa sababu ya uchungu wa saini zilizokatwa. Nilimbishia sana hapa. Vichekesho vya mtandaoni vinaishi kwa kubadilishwa, mtu anaweka kapsheni ya lugha yake, mwingine anaongeza paka wa pili, mwalimu anaacha nafasi tupu wanafunzi waandike wenyewe. Ukizuia hilo unabaki na picha nzuri ambayo hakuna anayeweza kucheza nayo. Mwishowe akachagua kutajwa jina, kutouza, na kushea kwa masharti yaleyale, na hilo la tatu lilikuwa kwa ajili ya yule jamaa wa "memu zangu": badilisha unavyoweza, ila ulichobadilisha nacho kibaki huru kwa wengine.

Kutouza nako kuna mtego. Sharti hilo linaangalia matumizi, haliangalii mtumiaji ni nani, kwa hiyo hata makazi ya wanyama yakiuza kalenda kupata hela ya matibabu yanaweza kujikuta upande mbaya, au yakaogopa tu na kuacha. M. akaongeza sentensi yake chini ya leseni, kwamba makazi na vikundi vya kuokoa wanyama wana ruhusa ya kuuza vitu vyenye michoro yake ili kutibu na kulisha wanyama, wamwandikie tu wamjulishe. Leseni hizi zinaruhusu kabisa mwenye kazi kuongeza ruhusa nje yake.

Jambo moja nilihakikisha amelielewa kabla hajabonyeza: ukishatoa kitu kwa leseni hii, waliokwisha kukichukua hunyang'anyi. Unaweza kuacha kukitoa kwa wapya, basi. Alikaa nalo usiku mzima. Asubuhi akasema sawa.

Na michoro ya zamani je, iliyotoka chini ya ile sentensi? Uamuzi wake hapa naujali kuliko yote. Alisema neno lake lilishatoka na hatalila. Waliouza michoro ya zamani bila kuliondoa jina lake, aliwaacha. Waliokata jina na kujiita wao ndo wachoraji, hao aliwafuata, kwa sababu hakuna mahali alipowahi kuandika "jiiteni mimi".

Matokeo

Aliwafuata kwa hatua. Kwanza meseji ya kistaarabu yenye linki ya leseni, maana toleo la 4.0 lenyewe linasema aliyekiuka akirekebisha ndani ya siku 30 tangu alipolijua kosa, haki yake inarudi yenyewe. Wengi kwa kweli walikuwa hawajui, wakaweka jina na kuomba radhi. Ule ukurasa mkubwa wa vichekesho ulikuwa mmoja wao, sa hivi wanamtaja kila mara. Waliokaa kimya alijaza fomu ya malalamiko ya hakimiliki ya mtandao husika. Kwa mitandao inayofuata sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1998, ile inayoitwa DMCA, unaapa kwamba wewe ndo mwenye kazi, kitu kinashushwa, mwenzio anaweza kupinga, na akipinga kinarudishwa baada ya siku 10 hadi 14 za kazi kama hujafungua kesi. Ushahidi wake ulikuwa mzuri: vichoro vya penseli vyenye tarehe, na faili la mwanzo lenye tabaka za wino na rangi mbalimbali ambalo mtu aliyepakua picha hawezi kuwa nalo. Maduka mawili yalishusha bidhaa.

Yule wa "mimi nimetaka kuuza" alipinga, akaambatanisha skrinishoti ya profaili ya zamani. M. hakwenda mahakamani. Jamaa aliendelea kuuza paka wa kibodi, ila alipoombwa mara ya pili, kwa upole, aweke tu jina, aliliweka. Ni matokeo ya nusu na tuliyapokea hivyo.

Loris wa zamani bado anazunguka. Namuona mpaka leo, mikono juu, kapsheni ya makwapa, na mchoro wa pili haukufika hata robo ya umbali wa ule wa kwanza. Ila chini ya huo wa pili komenti zilikuwa za aina nyingine, watu wakiuliza wanawezaje kujua mnyama anaogopa, na watu wawili walisema walikuwa wanatafuta wa kununua wameacha.

Kule kwa paka wa mtaani ilibidi watu wa kujitolea wabadilishe sehemu ya kulishia. Watoto wa paka waliotupwa karibu wote walipata nyumba. Wawili hawakupona.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ya vyote, kwa maoni yangu, ni saini. M. aliitoa kwenye kona akaiingiza ndani ya mchoro. Kwa paka wa milia, milia ya mkia ndo herufi za jina lake, ukijua unaona, usipojua unaona mkia. Kwa mbwa inakuwa kwenye mikunjo ya blanketi. Mtu akitaka kuiondoa lazima akate mkia, na paka bila mkia hachekeshi. Wafuasi wamegeuza kuwa mchezo, kila mchoro mpya watu wanashindana kulitafuta jina, na kwa hiyo jina lake linatajwa kwenye komenti hata pale picha ilipowekwa na mtu mwingine. Jina lililofifia lililopigwa katikati ya picha, ambalo wengi wanashauri, lingelinda pia ila lingeharibu kile watu walichokuja kukiangalia.

Kupunguza ukubwa wa faili kulisaidia bila kumnyima mtu furaha. Sasa anaweka picha zenye upana wa pikseli 1200, kwenye skrini zinang'aa vizuri tu, ila ukichapisha kwa nukta 300 kwa inchi unapata inchi 4, stika inatoka, fulana haitoki. Shule, wodi na makazi wakiandika wanatumiwa faili kubwa. Watu walihofia kwamba kuomba kutawakatisha tamaa walimu. Sijaona hivyo, kinachotokea ni kwamba wakiomba wanasimulia wanakwenda kulitumia wapi, na M. anapata kitu ambacho folda haikuwahi kumpa.

Kilichoshindikana ni kasi. Sheria ya "angeweza kuondoka?" ilikuja baada ya loris, na picha haina breki. Kwenye jarida la kisayansi la PLOS ONE mwaka 2013 kulitoka utafiti uliochambua komenti zaidi ya elfu 12 chini ya klipu moja maarufu ya loris anayekunwa, na kutamani kumfuga ilikuwa kati ya kauli zilizojirudia sana. Yani kicheko kile kina mlango wa nyuma unaotokea sokoni, na aliyeko kwenye kizimba hana namna ya kukubali wala kukataa. Ndo maana mimi nalipa uzito suala hili kuliko fulana. Fulana zilimuumiza M., na M. ana mdomo. Anayepokea klipu kutoka kwa watu na kuzigeuza sanaa ajipe hata siku moja ya kuuliza mjuzi. Leo M. ana dokta yule na mtu mwingine wa wanyamapori, anawatumia klipu kabla hajashika penseli, na wala hawachukui muda, wanajibu "huyu anacheza" au "huyu anateseka, achana naye".

Kuna jambo lilitokea katikati ya vurugu zote ambalo sikuliweka juu kwa sababu halikuwa tatizo. Mfuasi asiyeona aliandika kwamba programu yake ya kusoma skrini inamwambia tu "picha", anasikia watu wanacheka na hajui wanacheka nini. M. akaanza kuandika maelezo ya picha kwa kila mchoro, na ikawa kazi ya sanaa yenyewe, maana kichekesho ukikieleza vibaya kinakufa. Njia aliyoigundua ni kufuata mpangilio ambao jicho lingefuata na kukiweka kitu cha kuchekesha mwisho kabisa. Kwa paka wa kibodi aliandika: "Paka wa milia amekaa juu ya kibodi. Mkia umelala kwenye vitufe. Mbele yake mtu ameshika kichwa kwa mikono miwili. Kwenye skrini kuna barua pepe yenye herufi 'jjjjjjjjj' na chini yake neno Imetumwa." Yule mfuasi alijibu kwa sauti iliyorekodiwa, sekunde nyingi za kicheko tu. Na wanaoona nao wakaanza kusoma yale maelezo, wengine wanasema yanachekesha kuliko mchoro. Kama unatoa kitu bure kwa watu wote, hawa nao ni watu wote.

Kilichobaki wazi

Miezi ya karibuni zimeanza kuonekana picha za paka wa milia ambazo M. hakuzichora, zimetengenezwa na programu za akili bandia, masikio yaleyale moja mbele moja nyuma, mstari uleule wa wino. Hakimiliki inalinda mchoro, hailindi mtindo, kwa hiyo fomu za malalamiko hazina pa kushika pale ambapo hakuna mchoro wake hasa ulionakiliwa. Kwa sasa hajachukua hatua yoyote zaidi ya kuweka tarehe na vichoro vya penseli vya kila kazi mpya mahali salama. Anachonishangaza ni kwamba hajapunguza kasi ya kutoa, wiki hii kaweka mbwa mzee amelala juu ya ngazi ya tatu, kapsheni "Nyumba hii ina ghorofa moja na nusu," na jina liko kwenye blanketi, mkunjo wa pili kutoka mguuni.